Alama kwenye Majani Makavu

Jiwe la buluu lilifika limefungwa katika ngozi ya mbuzi,
dogo kuliko ngumi ya mtoto,
na hati ya bei iliyomfanya baba atafute kiti.
"Hili ni joho la Bikira," alisema.
"Usipige chafya, Taddea."
Siku tisa nilisaga. Siku tisa pua yangu ilishika adabu.

Mlipaji alikuwa Galvano, mfalme wa bonde letu la Montecupo,
bwana wa madaraja matatu na ushuru wa chumvi.
Alitaka Mamajusi nyuma ya madhabahu,
na uso wake juu ya yule anayepiga magoti.
Kupiga magoti si neno, alituma kusema.
Ila taji lisivuliwe.

Baba alijikuna ndevu.
Tangu enzi za mwalimu wake, mfalme mzee huliweka taji chini,
kwenye majani makavu, penye kwato za ng'ombe,
ndipo aubusu mguu wa Mtoto.
Hiyo ndiyo picha; kilichobaki ni mapambo.
Lakini jikoni kwetu majivu yalikuwa ya juzi,
na mwenye nguvu mpishe.
Basi Galvano akapiga magoti na taji lake kichwani,
kama mtu anayetafuta sarafu iliyomdondoka.

Dhahabu niliihesabu mimi,
vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu:
arobaini vya taji,
kumi na kimoja vya duara la Mama,
saba vya Mtoto.
Yusufu tulimpaka manjano. Hakulalamika.

Aliyekaa badala ya Bikira ni Nuta, mfua nguo,
vidole vimepasuka kwa maji ya majivu,
mume yuko kifungoni kwa deni la chumvi.
Tulimlipa ute wa mayai. Viini vilikuwa vya rangi.
Mbele yake, mahali pa mfalme, tuliweka gunia la mkaa,
naye akalikazia macho.
"Bikira hutazama chini," baba alimwambia.
"Nikishiba nitatazama chini."
Baba akayachora yalivyo.

Padri Fazio alikuja kukagua alama:
komamanga ni ufufuo, sawa,
tausi ni uzima usiooza, sawa,
yungiyungi, sawa, ingawa lingekuwa jeupe zaidi.
Hakuinama.
Angeinama angeona, karibu na kwato,
majani yamelala kwa duara,
kama mahali palipowekwa kitu kizito
kisha kikaondolewa.

Galvano mwenyewe alisimama kitambo kirefu.
"Huyu Mtoto ananibariki, au anadai taji?"
"Inategemea, bwana, mtu amesimama wapi."
Alisogea hatua moja kushoto.
Akalipa nusu.

Mpwa wake aliingia mjini na askari wakati wa kukamua zabibu.
Baba alikuwa kaburini.
Amri ilikuwa fupi: badili uso, taji liache.
Pua mpya niliimaliza kabla ya chakula cha mchana.
Baada yake akaja mwingine, akataka ndevu.
Sikutia jina langu popote; hakuna aliyeniuliza kama ninalo.

Sasa macho yangu yana ukungu, na rangi ya juu imekonda.
Asubuhi, jua likipita dirisha la mashariki,
wafalme watatu hugombea shingo moja,
na pua ya Galvano hushinda.
Dhahabu ya taji inabanduka kwa moshi wa mishumaa;
mfagiaji huizoa pamoja na nta.
Ushuru wa chumvi haujabanduka.

Mfagiaji ni binti wa Nuta.
Jina la mfalme hata mmoja halijui.
Jana aliniuliza kama mama yake alikuwa na njaa siku ile.
Nikasema ndiyo.
Akaegemeza ufagio ukutani,
akachuchumaa penye kwato,
akaweka kidole ndani ya lile duara.